Karatasi ya Ini Husomwa Kutoka Chini

Karatasi ya majibu ya vipimo vya ini kwa kawaida huwa na mistari saba au minane. Juu hukaa ALT na AST, zikifuatwa na ALP na GGT, kisha bilirubini, na mwishoni protini na albumini. Kipimo cha kuganda kwa damu mara nyingi hakimo, kwa sababu kinahitaji tyubu ya peke yake na ni lazima daktari akumbuke kukiagiza. Mgonjwa akikabidhiwa karatasi hiyo, jicho lake hukimbilia ALT. Ikiwa ina alama ya kupanda, hofu humwingia. Ikiwa haina, huikunja karatasi akaenda zake nyumbani, akiamini ini lake ni zima. Hofu hiyo yaweza kuwa ya bure, na faraja hiyo yaweza kuwa ya uongo. Kati ya mawili hayo, ninaloliogopa zaidi ni faraja.

Ndiyo maana nakuomba uisome karatasi hii kinyume na desturi, uanzie chini. Mistari ya chini inaeleza kazi ambayo ini linafanya. Mistari ya juu inaeleza madhara yanayolipata ini kwa wakati huu. Ini linaweza kuumizwa vibaya leo na bado likafanya kazi zake zote, na linaweza kuwa limeshindwa kazi huku hakuna kidonda kipya kinachoonekana kwenye damu.

Tuanze na albumini. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kiasi cha robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka kwenye utumbo ikiwa imebeba chakula kilichosagwa, dawa na sumu za kila namna. Kwa malighafi hiyo ini hutengeneza protini nyingi za damu, na iliyo nyingi kuliko zote ni albumini. Kazi yake kubwa ni kuyazuia maji yasitoke ndani ya mishipa. Ikipungua sana, miguu huvimba na tumbo hujaa maji. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kuwa kati ya gramu 35 na 50 kwa lita.

Albumini haina haraka. Nusu ya ile iliyomo katika damu yako leo itakuwa bado imo baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo mtu ambaye ini lake limeharibika ghafla juzi anaweza kuwa na albumini nzuri kabisa, na mwenye albumini ya 24 ana tatizo ambalo halikuanza jana. Ila isisomwe peke yake. Figo linalovuja huitupa albumini kwenye mkojo, utapiamlo huipunguza, ujauzito huizimua, na maambukizi makali huishusha hata ini likiwa salama. Kabla ya kulilaumu ini, mkojo upimwe protini.

Uwezo wa albumini kukaa muda mrefu katika damu uliwasaidia wachunguzi mwaka 2004, sumukuvu ilipowapata watu wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa na unyevu, ukungu ukaota, na watu wakaanza kufika hospitalini na macho ya manjano. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Sumukuvu ikifika kwenye ini hujishika na albumini, na alama hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya ugali wenyewe kusahaulika. Wachunguzi walipolinganisha damu za wagonjwa na za majirani zao wazima, walikuta alama hiyo kwa wingi zaidi kwa wagonjwa. Walikuta pia jambo la pili: wagonjwa walikuwa na kirusi cha homa ya ini B mara nyingi zaidi kuliko majirani. Nitarudi kwenye kirusi hicho, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike sura hii.

Kipimo cha kuganda kwa damu, ambacho majibu yake huandikwa INR, ni kinyume cha albumini kwa mwendo. Protini zinazogandisha damu hutengenezwa na ini vilevile, na mojawapo hupungua kwa nusu ndani ya saa chache tu. Ini likizimika asubuhi, INR inaweza kuanza kupanda kabla siku haijaisha. Kwa mtu asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda, INR huwa karibu na 1. Ikipanda kupita 1.5, na mgonjwa ana macho ya manjano na anaanza kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, hiyo ni dharura. Asirudishwe nyumbani kwa vidonge.

Kuna jaribio moja la zamani na la bei nafuu ambalo ningependa kila hospitali ya wilaya ilitumie. Ini linahitaji vitamini K ili litengeneze baadhi ya protini hizo, na vitamini K haifyonzwi vizuri utumboni pasipo nyongo. Mgonjwa wa manjano mwenye INR iliyopanda akichomwa sindano ya vitamini K, kisha INR ikashuka siku inayofuata, seli za ini zinajiweza. Tatizo huenda ni njia ya nyongo iliyoziba. Isiposhuka, seli zenyewe ndizo zilizoshindwa.

Bilirubini ndiyo mstari ambao watu wanaujua hata kabla ya kuuona, kwa sababu ndiyo rangi ya manjano machoni. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na katika mabaki yake hutoka bilirubini. Ini huichukua, huigeuza ili iyeyuke katika maji, na kuitoa kupitia nyongo. Mwaka 1916 daktari wa Uholanzi, Hijmans van den Bergh, aligundua namna ya kutofautisha bilirubini ambayo ini limeshaishughulikia na ile ambayo bado. Mgawanyo huo ndio unaouona mpaka leo: bilirubini ya jumla, na chini yake ile inayoitwa ya moja kwa moja, yaani iliyokwisha kupita mikononi mwa ini.

Ikiwa iliyopanda ni ile ambayo ini bado halijaishughulikia, mara nyingi ini halina kosa. Damu inavunjwa kupita kiasi, kama inavyotokea kwa wenye selimundu au katika malaria kali. Au mtu amezaliwa na hali iitwayo Gilbert, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1901. Mwenye hali hii ana ini zima, ila linaichakata bilirubini polepole, na akikaa na njaa manjano humzidi. Wapo wanaoambiwa macho yao yamebadilika kila Ramadhani, na rangi hiyo ikatoweka baada ya Idi. Vipimo vyake vingine vikiwa sawa na damu yake haivunjwi, hana haja ya dawa wala ya kuishi na wasiwasi.

Ikiwa iliyopanda ni ile iliyokwisha kushughulikiwa, hapo kuna jambo kwenye ini au kwenye njia ya nyongo. Mwili wenyewe huwa umetoa taarifa kabla ya maabara: hii huyeyuka katika maji, kwa hiyo hutoka kwenye mkojo na kuufanya uwe kama chai ya rangi. Choo kikiwa cheupe kama majivu, nyongo haifiki utumboni. Mwambie daktari mambo haya mawili hata kama hajauliza, na usione haya.

Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa namna gani. Maabara moja huandika bilirubini kwa maikromoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na 17 katika ya kwanza ni sawa na 1 katika ya pili. Mtu aliyepimwa mjini akapata 17, akarudia kwao akapata 1, hajapona chochote, kwani hakuwa anaumwa.

Sasa tupande juu. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli. Seli ikijeruhiwa huvuja, na vimeng'enya hivyo huingia kwenye damu. Historia yake ina funzo. Mwaka 1954, huko New York, Arthur Karmen na wenzake LaDue na Wróblewski walichapisha habari kwamba kimeng'enya tunachokiita leo AST hupanda katika damu ya mtu aliyepatwa na shambulio la moyo. Walikuwa wakitafuta moyo. Ini lilifuata muda mfupi baadaye, pamoja na ALT. Hivyo AST tangu mwanzo haikuwa ya ini peke yake: imo moyoni, kwenye misuli na ndani ya chembe nyekundu za damu. Kuli aliyeshusha magunia kutwa nzima, au kijana aliyecheza mechi ngumu jana yake, anaweza kuwa nayo juu. Hata damu iliyovutwa kwa shida kupitia sindano nyembamba, au iliyokaa kwenye joto ikisubiri pikipiki ya kuipeleka maabara, chembe zake hupasuka na kumwaga AST ndani ya tyubu. Kwa hiyo AST ikipanda peke yake, ALT ikiwa imetulia, kwanza rudia kipimo. ALT ndiyo iliyo karibu zaidi na ini. (Ukiona karatasi ya zamani imeandikwa SGOT na SGPT, ni AST na ALT hizohizo.)

Ukubwa wa namba una maana. Ikiwa ALT imevuka 1,000, orodha ya visababishi huwa fupi: homa ya ini ya virusi iliyo changa, sumu au dawa, au ini kukosa damu mtu anapokuwa ameishiwa nguvu ya mzunguko wa damu. Pombe peke yake haifiki huko. Katika ini lililoumizwa na pombe, AST huwa ndiyo kubwa, mara nyingi zaidi ya mara mbili ya ALT, na zote mbili kwa kawaida hubaki chini ya 300 au karibu na hapo. Uwiano huo ulielezwa na Mwitalia Fernando De Ritis mwaka 1957 na bado unatumika. Mnywaji wa gongo au chang'aa mwenye ALT ya 1,500 ana jambo lingine juu ya pombe, na lazima litafutwe.

Mwelekeo wa namba ni jambo gumu zaidi, na hapa ndipo hata wahudumu hudanganyika. Chukua mtu aliyemeza parasetamoli nyingi, ama kwa makusudi, ama kwa kuongeza dozi kila maumivu yalipogoma. Kwa mtu mzima kikomo cha siku ni vidonge vinane vya miligramu 500. Siku mbili baadaye ALT yake ni 6,000. Siku ya nne ni 2,500, na ndugu wanashangilia kwamba inashuka. Lakini INR ilikuwa 2 na sasa ni 5. ALT ni moshi wa nyumba inayoungua: moshi hupungua moto ukizimwa, na hupungua vilevile nyumba ikiisha kuteketea. Mistari ya chini ndiyo itakayokuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu parasetamoli ilipomezwa. Mtu aliyemeza nyingi asisubiri macho yageuke manjano ndipo aende hospitali, maana kwa siku ya kwanza anaweza kujisikia vizuri kabisa.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu nao wanapaswa kuujua mstari wa ALT. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuliumiza ini. ALT kupanda kidogo katika wiki za mwanzo hutokea kwa wengi na hushuka yenyewe huku dawa zikiendelea. Madaktari husimamisha dawa ALT ikizidi mara tano ya kikomo cha juu, au mara tatu ikiwa mgonjwa ana kichefuchefu, anatapika, tumbo linamuuma au macho yamegeuka rangi. Kuacha dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wako ni hatari kubwa. Kuficha kichefuchefu kwa kuogopa kurudishwa nyuma nako ni hatari. Sema pia mitishamba unayokunywa. Nawasihi wahudumu wasimkemee mgonjwa anayetaja mitishamba, kwa sababu akikemewa leo, kesho atanyamaza.

ALP na GGT nitazipitia haraka. Zikipanda zote mbili, macho yaelekezwe kwenye njia za nyongo, na ultrasaundi ifanyike. ALP ikipanda peke yake, huenda ni ya mifupa: mtoto anayekua huwa nayo juu, na mjamzito wa miezi ya mwisho vilevile, kwa sababu kondo la nyuma huitengeneza. GGT hupandishwa na pombe, na pia na baadhi ya dawa za kifafa, kwa hiyo haifai kumshtaki mtu ulevi kwa GGT peke yake. Nimeona ndoa zikitikiswa na mstari huo mmoja.

Kuna kanuni moja ya hesabu inayopunguza hofu. Viwango vya kawaida huwekwa ili vijumuishe watu 95 kati ya 100 walio wazima. Maana yake, watano wazima watatoka nje ya mstari. Ukimpima mtu mzima vipimo vinane visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje unakaribia mmoja kati ya watatu. ALT ya 46 bila dalili yoyote inahitaji kurudiwa baada ya wiki kadhaa, pamoja na maswali kuhusu uzito, sukari, pombe na dawa.

Sasa nirudi kwenye faraja ya uongo. Yapo maradhi matatu katika eneo letu ambayo yanaweza kuliharibu ini huku ALT ikiwa ya kawaida. La kwanza ni kichocho cha tumbo, kile cha mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria. Mayai ya minyoo hunasa kwenye matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumboni, na makovu hujengeka kuizunguka mishipa hiyo bila kuziua seli nyingi za ini. Bandama huvimba, mishipa ya koo la chakula hutuna, na siku moja mvuvi hutapika damu beseni zima. Karatasi yake ya ini inaweza kuwa safi. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumuuliza mtu anakoishi, kupapasa tumbo, kupima choo na ultrasaundi.

La pili ni ini lenye makovu, yaani sirosisi. Chukulia mtu wa miaka 48 mwenye AST ya 62, ALT ya 38 na chembe sahani 110. ALT yake imo ndani ya kikomo cha 40 ambacho maabara nyingi huchapisha. Lakini zidisha umri kwa AST, kisha ugawanye kwa chembe sahani zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Utapata 4.4 hivi. Hesabu hii huitwa FIB-4, imetumika tangu 2006, na haihitaji mashine mpya yoyote: namba zote nne ziko tayari kwenye faili. Chini ya 1.3, makovu mazito hayatarajiwi; juu ya 2.67, yanatarajiwa sana. Chembe sahani zimeshuka kwa sababu bandama lililovimba linazishikilia. Hata hivyo, malaria na kichocho navyo huvimbisha bandama, kwa hiyo hesabu isifanywe wakati mtu ana homa, wala isimhukumu mtu wa visiwani kabla ya ultrasaundi. Kwa vijana chini ya miaka 35 haiaminiki.

La tatu ni homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nayo. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukifukuza kirusi. Wanaobaki nacho ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 au zaidi hubaki nacho maisha yote. Kwa miaka mingi ALT yake inaweza kuwa ya kawaida, ipande kidogo, ishuke tena, na mtu asijue lolote. Katika Afrika kusini mwa Sahara saratani ya ini huwapata wengi wakiwa na miaka arobaini na kitu, wakati bado wanasomesha watoto. Sumukuvu ikikutana na kirusi hiki, hatari ya saratani hiyo huongezeka maradufu na zaidi.

Hakuna mstari hata mmoja katika karatasi ya ini unaokitafuta kirusi hiki. Kinatafutwa kwa kipimo kingine kiitwacho HBsAg, ambacho kinaweza kufanywa kwa tone la damu ya kidole, na majibu yakapatikana mgonjwa angali kwenye benchi. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto Kenya mwishoni mwa 2001 na Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo walio wengi kati ya watu wazima wa leo hawakuipata utotoni. Ikiwa hujawahi kupimwa HBsAg, kipimo hicho kina thamani kwako kuliko kurudia ALT mara kumi.

Majibu yakiwa chanya, ndipo karatasi ya ini inapata kazi mpya. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 unatumia kikomo cha ALT kilicho chini zaidi kwa wenye kirusi hiki: 30 kwa wanaume, 19 kwa wanawake. Mama mwenye HBsAg chanya na ALT ya 34 ataona karatasi isiyo na alama yoyote, lakini kwa mwongozo huo ALT yake iko juu, na anastahili kuzungumza na daktari kuhusu tenofovia, dawa ambayo kliniki za VVU zimekuwa nayo kwa miaka mingi. Mwongozo huo unaruhusu pia uamuzi wa matibabu ufanywe kwa hesabu ya AST na chembe sahani pale ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani. Ukiwa mjamzito, omba HBsAg siku ileile unayopimwa VVU na kaswende. Ukikutwa nayo, unaweza kuanzishiwa tenofovia kuanzia miezi mitatu ya kati ya ujauzito, na mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kwa kuwa ile chanjo ya wiki ya sita haiwezi kumkinga na damu aliyokutana nayo wakati wa kuzaliwa. Uliza mapema, kabla ya uchungu, kama hospitali utakakojifungulia ina dozi hiyo.